Friji Iliyozimwa

Mama alifungua friji atoe dawa ya sukari ya binti yake, sindano ya kila asubuhi, na taa ya ndani haikuwaka. Akaishika chupa. Ilikuwa na joto, kama yai lililotoka kutagwa.

"Nani amechomoa waya?"

Baba aliweka kijiko chini. Mwezi huo wote walikuwa wamejibana ili dawa isikosekane. Yeye alikwenda kazini kwa miguu, mama alifua bila sabuni ya unga. Bibi peke yake hakuombwa apunguze chochote.

"Ni mimi, mwanangu," bibi alisema, akitabasamu. "Tangu jana asubuhi. Ninyi mjibane, mimi nikae kama mgeni? Nyama hamna, maziwa hamna, nikaona inakula umeme bure tu."

Binti alikuwa ameshapandisha blauzi, tumbo wazi, akisubiri sindano. "Mama, fanya haraka basi. Njaa inaniuma."

Dawa iliyopata joto hivyo haikuaminika tena, na chupa nyingine haikuwepo. Bibi aliendelea kutabasamu, akingoja kusifiwa.

Mama aliificha chupa kiganjani.

"Umefanya vizuri, bibi," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Vaa viatu. Na leo upande gari."