Mikonge Saba na Miwani Moja

Kitendawili. Hakina miguu, lakini kila mvua ya kwanza ikinyesha kinapiga hatua mbili, na siku zote kinaelekea kwa mtu asiyeona. Ni nini?

Umeshindwa? Mji wako baki nao, nitaufanyia nini. Ni mpaka wa shamba la Navalayo.

Osiako alilijua jibu hilo kitambo, maana miguu ya mpaka ule ilikuwa yake mwenyewe.

Huko upande wa Kabras, mikonge saba ilitenganisha miwa ya Osiako na mahindi ya Navalayo, mjane wa marehemu kaka yake, Wanyonyi. Presha ya macho ilipomwachia Navalayo mwanga na vivuli tu, Osiako akaona kama amefunguliwa mlango. Kila msimu wa kupanda alibeba jembe mchana kweupe, akaing'oa mikonge na kuisogeza hatua mbili. Amfiche nani? Miaka sita, hatua kumi na mbili. Zilibaki mbili tu kaburi la Wanyonyi liingie kwenye miwa, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika.

Navalayo alikuwa amekwisha kulia kwa liguru, mzee wa kijiji. "Kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye mkonge zilikuwa hatua themanini. Leo ni sitini na nane."

"Hatua za mwanamke mzee hufupika, liguru," Osiako akamkata. "Na huyu ataona nini?"

Ati hatua zikifupika, zinapungua! Hesabu ya namna hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeicheka. Lakini liguru alimkubalia Osiako, akaenda kunywa chai kwake.

Ndipo akaja Cindy, msichana wa chuo kikuu pale mjini Kakamega, akamwachia Navalayo miwani mikubwa nyeusi aijaribu kwa wiki mbili. Ilikuwa na jina refu la Kizungu. Priscah, mke wa Osiako, aliileta habari kutoka sokoni ikiwa imefupishwa: "Ni ya kuonyesha vipofu."

Osiako alicheka mpaka akakohoa. "Kuonyesha vipofu! Kesho watawaletea kuku miswaki."

Akaenda kujionea. Alimkuta Navalayo ameketi mlangoni, lile dude limemfunika kutoka paji la uso hadi puani.

"Shemeji, siku hizi kiatu kinavaliwa usoni?"

"Karibu, Osiako. Kiatu ni hicho chako, chenye matope ya kwangu."

Osiako akatazama chini. Kweli, kilikuwa na matope. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Kwani unaona nini humo ndani?"

Navalayo hakumjibu. Aligeuza shingo polepole, kushoto hadi kulia, kama mtu anayesindikiza mgeni kwa macho. Akatabasamu. Osiako akaaga bila hata kuonja maji.

Kesho yake alikuwa kwenye mikonge, jembe begani, anapima pale pa kuchimba. Navalayo akatokea mwishoni mwa mahindi, fimbo mkononi, miwani usoni. Akasimama. Kisha akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe:

"Yule mnene amerudi tena. Haya, pita. Pita tu."

Osiako akajishika tumbo. Halikuwa tumbo la kufichika. Jembe likamponyoka, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata pia. Kila akichungulia kati ya miwa, dude lile jeusi lilikuwa linamtazama.

"Baba, mbona huli?" Priscah akamuuliza. "Au unangoja ile miswaki ya kuku?"

"Wewe nyamaza!"

Siku ya tisa alianza kuirudisha. Alisogeza mikonge hatua mbili, akainua kichwa. Miwani ilikuwa imemwelekea. Akasogeza mbili nyingine. Kufikia jua kutua mikono yake ilikuwa imechanwa na miiba, na hatua zote kumi na mbili zilikuwa zimerudi kwa mwenyewe. Kwa woga akaongeza ya kumi na tatu. Mwanaume mzima, mwenye sauti ya kutisha ng'ombe, anatoa jasho mbele ya bibi kizee mwenye fimbo!

Tena hakungoja kuitwa. Siku ya kumi na nne alimwendea liguru yeye mwenyewe, kabla miwani haijamtangulia.

"Mvua ilikuwa imeusukuma mpaka," akasema. "Nikaona niunyooshe."

"Mvua ilisukuma mikonge saba? Yote, kwa mstari mmoja?"

"Liguru, mvua ya huku unaijua."

Liguru akaleta mashahidi. Navalayo akazihesabu hatua kutoka mlangoni, kwa sauti, mpaka mkono wake ukagusa mkonge: themanini na moja. Vigingi vikapigiliwa, karatasi ikaandikwa, na Osiako akatia sahihi huku mashahidi wanamtazama.

Wino haujakauka, Cindy akashuka kwenye bodaboda, amefuata miwani yake. Akamvua Navalayo kwa upole, akafungua daftari.

"Kukhu, bibi yangu, sasa niambie. Wiki mbili hizi, kwenye zile picha za mwanga mkali nilizokuwekea, uliona nini humo ndani?"

Osiako akakohoa. Navalayo akageuza uso kukifuata kikohozi.

"Shemeji yangu pia aliniuliza hivyo siku ya kwanza, nami nikanyamaza. Si adabu kumwachia mtu swali lake." Akamtafuta Cindy mkono, akaushika.

"Samaki, mwanangu. Wa manjano, wa buluu, na mmoja mnene hivi, hachoki kurudi."