Mraba wa Nne

Sisinio alihesabu tena, safari hii kwa kidole. Mmoja, miwili, mitatu. Mraba wa nne haukuwepo.

"Mama yangu wee," alisema, akaketi juu ya ndoo ya chokaa.

Ukutani watu wanne walisimama miguuni pa Bikira: bwana Pankrasio mwenye kikanisa hiki, mkewe, shemeji yake mjane Eupraksia, na Markiano, mtoto pekee wa huyo mjane. Watakatifu waliokuwa juu yao walikuwa na duara la dhahabu kichwani, kama kawaida. Hawa wanne kila mmoja alitakiwa kuwa na mraba mweupe nyuma ya kichwa, maana kwa alama hiyo Roma nzima hujua kwamba mtu aliyechorwa bado anavuta pumzi. Pankrasio alikuwa na wake. Wanawake walikuwa na yao. Kichwa cha Markiano kilikuwa kitupu kama cha marehemu.

Vitale, fundi wa kupaka lipu, aliingia na mwiko wake begani. "Vipi, mzee? Umeona mzimu?"

"Nimemuua mtoto wa watu, Vitale. Hebu tazama."

Vitale alitazama, akapiga mluzi. "Masikini! Na alikuwa kijana mzuri."

"Usinitanie, bwana. Sina hali."

Na kweli hakuwa na hali. Jana yake Vitale alipaka lipu alfajiri, kiasi cha kazi ya siku moja tu, kwa sababu rangi hushika lipu ikiwa mbichi. Ikishakauka, hata upige magoti haishiki. Sisinio alimchora kijana mwisho, lipu ikianza kumkaukia, mkono ukimwaka moto kutoka begani hadi kwenye kucha. Chini ya jukwaa alisimama Eupraksia akimwelekeza. "Nyusi zake zinakaribia kukutana, baba. Na midomo usiibane hivyo, mwanangu ni mtu wa kucheka." Miezi minane mama huyo alikuwa hajamtia mwanawe machoni. Ami yake, Pankrasio, alimtuma Napoli akakague mashamba ya mizabibu aliyoachiwa na babake, na tangu hapo haikuja barua hata moja. Basi Sisinio akamchekesha yule kijana ukutani, mama mtu akalia, naye akateremka hoi, akidhani kazi imekwisha.

"Si tubomoe hapo kichwani tu?" Vitale alisema. "Nipake upya, uchore upya. Siku moja hiyo."

"Kwa mkono upi?" Sisinio aliuinua wa kulia. Uliishia kifuani, akaushusha.

Miaka arobaini alikuwa amepanda majukwaa ya watu. Shingo imekuwa ubao, macho yameliwa na chokaa. Watawa wa kilimani walikuwa wamekubali kumpokea: chumba, kitanda, bakuli la supu ya dengu, na asiguse tena brashi mpaka Mungu amchukue. Walitaka kitu kimoja tu, neno la Pankrasio kwamba kazi yake imepokelewa. Pankrasio alikuwa anakuja leo adhuhuri. Akiipokea, Sisinio angelala kilimani leo hii. Akiikataa na kutaka ukuta mzima uanze upya, ni mwezi mwingine juu ya jukwaa, na Sisinio hakuamini kwamba angeumaliza akiwa hai.

"Labda hataona," Vitale alisema.

"Nani, Pankrasio? Thubutu!"

Tangu siku ya kwanza hakuwa na wimbo mwingine. Sisinio alipomshauri waache nafasi wazi mpaka kijana arudi, amwone mwenyewe kwa macho, Pankrasio alikata shauri palepale. "Huyo usimsubiri. Mama yake atakueleza sura. Wewe shika neno langu moja: mraba wake uonekane hata kutoka mlangoni. Watu wa mji huu wana midomo."

Adhuhuri alifika, na Eupraksia nyuma yake. Mama wa watu hakutazama kushoto wala kulia. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanawe, akapiga magoti, akaegemeza paji la uso kwenye viatu vile vya rangi, akaanza kumsimulia habari za nyumbani kwa sauti ya chini. Sisinio aliona vibaya hata kumwangalia.

Pankrasio alisimama katikati ya sakafu. Alijitazama ukutani, akaridhika. Akamtazama mkewe. Macho yakasogea kwa kijana, yakaganda hapo. Uso ukamparama.

Ndiyo basi, Sisinio aliwaza. Heri niseme mwenyewe. Alijikokota hadi karibu naye, akanong'ona ili yule mama asisikie neno la mkosi kama lile.

"Mkubwa, ni hilo la Markiano. Nimeona tuyamalize sisi wawili. Mama yake asijue, itamuua."

Pankrasio alimtupia jicho yule mama aliyepiga magoti.

"Sikupanga kukusumbua, mkubwa. Nimechoka tu. Sitaki makubwa, nataka mahali pa kulala. Ukiwaambia watawa neno moja, nami nitanyamaza, na Vitale nitamwambia anyamaze."

"Na Vitale anajua?"

"Ameona leo asubuhi."

Pankrasio alimshika kiwiko, akamvuta taratibu hadi nyuma ya nguzo. Kiganja chake kilikuwa cha baridi na kimelowa jasho.

"Chumba utapata," alisema. "Na shamba nitakupa, na huyo Vitale naye nitampa. Niambie kitu kimoja tu, fundi. Nani aliwaonyesha nilipomzika?"