Fulana Mezani kwa Nahodha

Mtu aliyevaa fulana alikuwa ameshapita meza nne kabla wahudumu hawajamwona. Miguuni alikuwa na sapatu za chumbani. Ilikuwa jioni ya makoti meusi, supu ndiyo kwanza imeletwa, na vijiko vikasimama ukumbi mzima wa chakula wa meli.

Meja Fairleigh alimtambua mara moja. Ron Clegg, fundi bomba wa mji wa Oldham, aliyepewa chumba cha jirani kwa bahati mbaya. Mchana ule ule Meja alikuwa amemshitaki kwa mkuu wa wahudumu kwa kukaa sebuleni na kaptura, na Clegg akaondolewa mbele za watu. Sasa amekuja kutia aibu, Meja aliwaza, na akachagua leo.

Leo, kati ya siku zote. Meja alikuwa amesafiri na meli hii mara kumi na tisa kabla ya bahasha ya mwaliko wa meza ya nahodha kupenyezwa chini ya mlango wake. Alikuwa ameketi viti viwili tu kutoka kwa nahodha mwenyewe, na hasira zilikuwa zimeshaanza kumpanda. Kwanza daktari wa meli, aliyekuwa meza ya pili, alinong'onezewa jambo akatoka mbio bila kumwomba radhi mtu. Halafu kile kiti kitupu cha Muriel.

Muriel mkewe alisema mkono wake wa kushoto unakufa ganzi. Meja alijua ni kisirani tu, maana asubuhi alimkaripia kwa kupiga soga na mfagiaji. Miaka thelathini na nane Muriel ndiye aliyemfunga tai ya kipepeo, kwa fundo dogo gumu lililolala kidogo upande wa kushoto. Meja alipenda kuwaambia watu kwamba kwa fundo kama lile ndipo unapomjua muungwana, si kwa zile tai za kubandika za wauza magari. Leo tai ilimponyoka mkewe mara tatu, Meja akamnyang'anya, akajifunga mwenyewe, akamwacha kitandani. Ilikaa shingoni kama tambara la kufutia vyombo.

"Kichwa kinamuuma," alikuwa amewaambia wenzake mezani. "Mnawajua wanawake na bahari."

Clegg alifika akihema. "Meja, naomba neno moja. Pembeni."

"Na mimi naomba uvae shati."

Meza ikacheka. Bibi Wynter, mjane wa jaji, alifunika mdomo kwa leso.

"Sifanyi mzaha, mkuu. Dakika moja tu, hapo nje."

"Nisikilize vizuri, ndugu yangu," Meja alisema, akipaza sauti ili nahodha asikie. "Mimi siongozani na mtu aliyevaa nguo za kulalia. Nenda kavae kama watu. Koti jeusi, na tai ya kufunga kwa mkono. Ukirudi hivyo nitanyanyuka mwenyewe, nitakusikiliza mpaka uchoke."

"Sina koti jeusi."

"Basi huna la kuniambia."

Clegg alifungua mdomo. Akamtazama nahodha, akamtazama yule mjane, akaufunga. Mhudumu alimshika kiwiko, naye akakubali kuondoka, akiburura sapatu kwenye zulia.

Samaki akaja, nyama ikaja, na mazungumzo yote yakawa ya Meja. Alisimulia kisa cha kaptura, wakacheka tena. Nahodha alimwinamia na kumwambia amemaliza jambo lile kiungwana sana, na kwamba safari ijayo watamwekea kiti hapo hapo. Meja alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo hata siku ya harusi yake. Akapanga atakavyomwambia Muriel kila neno, taratibu, ili ajue alichokikosa.

Walipofika kwenye vitamutamu, mtu alisimama mlangoni, na Meja alichelewa kidogo kumjua. Alikuwa amevaa koti jeusi lililombana mabegani na shati jeupe lililopigwa pasi. Sapatu ni zile zile, lakini Meja alikuwa tayari kumsamehe sapatu. Tai ilikuwa imefungwa vizuri kuliko tai yoyote ukumbini.

Meja akanyanyuka kama alivyoahidi, meza nzima ikimtazama.

"Mmeona?" aliwaambia. "Hawa ukiwakazania wanafundishika." Akapapasa ukosi wa koti la Clegg. Kitambaa kilikuwa cha maana. "Hongera. Umeazima wapi?"

"Kabatini kwako," Clegg alisema kwa sauti ya chini. "La akiba."

Meja alibaki na tabasamu lake. Aliitazama tai kwa karibu. Fundo lilikuwa dogo, gumu, limelala kidogo upande wa kushoto.

"Nilimsikia mkeo akianguka, upande wa pili wa ukuta wangu," Clegg alisema. "Daktari alifika upesi, ila hakukuwa na la kufanya. Alitaka akuage tu. Akaniomba nisiseme mbele za watu, utaona haya. Nilivyorudi peke yangu akaniambia, fungua kabati, bila koti na tai hanyanyuki. Amenifunga tai kwa mkono mmoja, Meja, mimi nimeshika ncha ya pili. Robo saa nzima. Alipolikaza fundo ndipo akakata roho." Akagusa kola. "Vidole vilibaki hapa. Daktari ndiye aliyevibandua."