Kialamisho cha Bi Nasra

Gari lilikuwa limeshafika, na Mwatumu bado anachonga kiazi. Alikichonga umbo la jani, akakipaka wino, akakigandamiza kwenye kipande cha karatasi ya manila. Jani la kwanza lilizidi wino likawa doa tu. La pili lilitoka nusu. La tatu lilitoka zima. Akalipuliza likauke, kisha akakimbilia nyumba ya pili.

Bi Nasra, jirani aliyemsomea kila alasiri tangu masika, alikuwa anafunga sanduku la mwisho. Anahamia kwa mwanawe, mji wa mbali.

"Shikamoo, bibi. Hiki cha kuweka kwenye kitabu chetu, usikunje tena kurasa."

"Marahaba. Kumbe una mikono ya fundi na umenificha!"

Akakiweka kwenye ukurasa walipoishia. Mwatumu akafurahi kimoyomoyo: huko aendako, kila akifungua kitabu atamkumbuka. Lakini Bi Nasra akamkabidhi kitabu chenyewe.

"Chukua. Mimi mwisho naujua."

"Kusoma kwenyewe sijui vizuri, bibi. Niliishia darasa la tatu."

"Soma polepole. Nani anakukimbiza?"

Dereva akapiga honi.

Vumbi la gari lilipotulia, Mwatumu alikaa kwenye kizingiti cha nyumba tupu, akafungua penye jani. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akalisoma kwa sauti ya juu, kama anayemsomea mtu aliyeko chumba cha ndani.