Mawese kwenye Upinde

Honorata aliupitisha upinde juu ya fidla yake, na hata mlio wa mbu haukutoka.

Okestra nzima ilikwisha kuanza, na kanisa la Bangwe lilijaa hadi mlangoni. Akakandamiza. Kimya. Akaugusa: nywele zote za upinde zilikuwa zimepakwa mawese, vidole vikatoka vyekundu.

Akamtazama mwalimu wao aliyekuwa akiiongoza okestra. Mwalimu, mikono ikiwa bado hewani, akamwinamia.

"Wewe peleka mkono tu, dada. Ulituharibia kule Simbo, hapa hutuharibii. Nakuhitaji ujaze kiti."

Honorata akapeleka mkono.

Mama yake, aliyetoka Kalinzi kwa bodaboda, alikuwa benchi la mbele, macho ameyafumba.

"Sikilizeni," aliwanong'oneza waliokaa naye. "Hiyo inayolia kupita zote ni ya mwanangu."