Feni ya Kiwandani

Kosa ni langu, nakiri. Mimi ndiye niliyemwambia Siwema alalamike. Nilikuwa katibu wa tawi enzi zile chama chetu cha wafanyakazi hakijamezwa na Chama cha Makabwela, na mazoea yana tabu.

Siwema anasokota kamba za katani. Feni ya kutoa vumbi imekufa tangu Mei, naye anakohoa mpaka majirani badala ya salamu wanampa pole. Basi akaongea na kisanduku cha ukutani, kile ambacho Chama kimefunga kila nyumba kupokea malalamiko, kwa heshima zote.

Kesho yake jioni, akisonga ugali, kisanduku kikaita.

"Ndugu Siwema, umeletewa lalamiko la mfanyakazi. Una siku saba kulijibu."

"Mfanyakazi gani tena?"

"Ndugu Siwema."

Mumewe, Mbaruku, alicheka mpaka akapaliwa. "Si mliambiwa kiwanda ni chenu? Bosi ndiyo wewe, mama. Hebu na mimi niajiri!"

Siwema hakucheka. "Haya, nimekubali. Feni itengenezwe."

"Ahsante. Mtekelezaji: Ndugu Siwema."

"Mimi najua feni? Niitie mtu wa Chama."

"Chama ni wewe, ndugu."

"Basi nagoma!"

"Unamgomea nani, ndugu?"

Siwema akaurudia ugali wake.

Siku ya saba kisanduku kikaita tena, wakiwa mezani. Safari hii ilitoka sauti ya Siwema mwenyewe, na kikohozi chake juu: "Jamani, naombeni feni itengenezwe, kifua kinaniua."

Mbaruku akainamia sahani. Kisanduku kikamsubiri Siwema ajibu.