Mkate Vipande Vyembamba

Dereva wa basi alishapiga honi mara mbili. Msafiri, sanduku katikati ya miguu, akaagiza mkate kwenye duka la kituoni kwa lugha ya wenyeji, neno kwa neno vile alivyofundishwa jikoni na bibi mwenye nyumba aliyopanga.

"Nikatie vyembamba, mwanangu, haya meno yamenigomea."

Wateja wakaangua kicheko. Kijana mwenye meno yote thelathini na mawili, eti anamwita mama mwenye mvi mwanangu!

Muuza mkate hakucheka. Kisu kilikwama katikati ya mkate.

"Aliyekufundisha anakaa ile nyumba ya ngazi za mbao?"

"Ndiyo. Unamfahamu?"

"Ni mama yangu. Mwaka wa kumi na moja huu hatusemezani." "Huwa ananitaja?"

Honi ikalia tena. Miezi mitano msafiri alikuwa amekula mezani kwake, na bibi yule aliapa hakuwahi kujaliwa mtoto.

"Kila asubuhi," msafiri akasema.

Muuza mkate akaanza kufungua kamba za aproni.

"Basi liache liende. Nisindikize, peke yangu nitashindwa kupiga hodi."